Mkalimani wa Baba Mkwe

Wanafunzi walimwita Madam Matamshi. Jina hilo alilijua, na moyoni alilipenda. Alifundisha Kiingereza katika chuo kikuu cha sayansi za afya, na kila aliyekuja kusomea uuguzi, famasia au maabara alipita mikononi mwake mwaka wa kwanza, apende asipende. Mimi nilifundisha bayolojia na tulikaa ofisi moja, meza zetu zikitazamana. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyaona, na mengine alinieleza mwenyewe zile siku alizokuwa hawezi kuyabeba peke yake.

Alikuwa mwalimu hodari, hilo simnyimi. Mwanafunzi akikosea kutamka neno alisimamisha darasa zima, akamrudisha tena na tena mpaka ulimi unyooke. Mtihani wa kuongea aliufanya kama igizo: mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine nesi. Wapi panauma? Tangu lini? Panachoma au panakata? Yote kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kunyoosha shingo. Ila wagonjwa wa darasani kwake walikuwa wastaarabu kupita kiasi. Waliumwa kichwa, waliumwa goti, mara mojamoja tumbo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuharisha.

"Hivi wagonjwa wako hawana makalio?" nilimtania siku moja.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Hayo watayakuta kwako huko bayolojia. Mimi nafundisha lugha."

Mwaka ule alikuwa na binti mmoja wa uuguzi ambaye wenzake walimpachika jina la Mnong'ono, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Kiingereza chake hakikuwa kibaya, ila hakikusikika. "Paza sauti, binti!" Madam alimwambia kila kipindi. "Mgonjwa atakata roho hajakusikia!" Darasa linacheka, binti anatazama viatu. Mtihani wa kwanza wa kuongea ulipokuja akampunguzia maksi kwa sauti, akampunguzia na za kutazama chini.

Nyumbani Madam aliishi na mume wake, fundi wa minara ya simu, ambaye mara nyingi alikuwa safarini, na baba mkwe wake. Mzee huyu alikuwa fundi wa kushona suti enzi zake, mjane, mtu wa masihara. Alihamia kwao macho yalipoanza kukataa uzi. Yeye na mke wa mwanawe walipendana, lakini kwa ule upendo wenye mipaka. Madam hakuingia chumbani kwa mzee. Mzee naye nguo zake za ndani alizifua mwenyewe, akazianika nyuma ya shuka ili mkwe asizione. Kila mtu alijua ziko pale, na kila mtu alifanya kama hazipo.

Ndivyo walivyoufanyia na ugonjwa. Mzee alianza kukataa chai ya jioni. Akienda msalani alikawia, tena akafungulia bomba la maji ili wa nyumbani wasisikie. Madam alisikia lile bomba, akajua, akaongeza sauti ya redio. Hata siku moja asubuhi mzee akamfuata jikoni, akasimama mlangoni akitazama dirisha.

"Mwanangu, mtu anaweza kwenda hospitali bila kusema anaumwa nini?"

"Sasa daktari atajuaje, baba?"

"Ndiyo maana nikauliza."

Madam akampigia simu mume wake huko aliko. "Mpeleke wewe bwana," mume akasema, upepo wa mnarani ukivuma ndani ya simu. "Wewe si ndiyo mwenyeji wa hospitali?"

Mwenyeji wa hospitali! Jengo la hospitali lilishikana ukuta na chuo, na katika miaka yote ile hakuwahi kuvuka kwenda wodini ila kumjulia mtu hali. Lakini akampeleka.

Siku hiyo kliniki ilikuwa ya daktari mgeni, bingwa kutoka ng'ambo aliyekuja kwa muda kutibu na kufundisha. Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "pole". Wanafunzi walisimama ubavuni mwake kwa zamu, wakimtafsiria. Madam alipoingia na mzee, aliyesimama pale ni Mnong'ono, kavaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Shikamoo, Madam. Shikamoo, babu." Akamgeukia daktari na kumweleza kwa Kiingereza kwamba huyu ni mwalimu wao. Daktari akasimama kumpa mkono. Madam akamjibu sentensi mbili tatu, na daktari akatoa macho. Akamuuliza alisomea wapi, mbona anaongea vizuri hivi? Madam akasema ni mazoea tu. Aliniambia baadaye kwamba pale alijisikia kama mtu aliyevishwa joho.

Binti akamgeukia mzee. "Babu, daktari anauliza, tatizo ni nini?"

Mzee akafungua mdomo, akamwona mkwe wake, akaufunga.

Hapo palikuwa na mlango. Madam angeweza kusema, "Baba, mimi nangoja nje," akatoka, mambo yakaisha. Lakini alimtazama yule binti akawaza: mwanafunzi wangu ayasikie ya ndani ya nyumba yangu? Kesho si yatakuwa darasa zima? Na kusema kweli, lile joho lilikuwa bado liko mabegani.

"Acha, nitatafsiri mwenyewe," akasema. Binti akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni.

Mzee alipoona hakuna namna, akageuza uso ukutani na kusema kwa lugha ya mafumbo. "Mwambie bomba limeziba. Maji yanadondoka tone tone, na kuyangoja ni kazi. Na juzi yalitoka na wekundu."

Madam alielewa kila neno. Kwa Kiingereza alikuwa nayo yote: mkojo, damu, kibofu. Alikuwa amesahihisha insha zenye maneno hayo, akizungushia tahajia kwa kalamu nyekundu. Lakini yalipofika kooni yaligoma. Huyu hakuwa mgonjwa wa kwenye insha. Alikuwa baba wa mume wake, na maneno hayo yakitoka mdomoni mwake ingekuwa kama ameivuta ile shuka kwenye kamba.

Akamwambia daktari kwamba mzee analalamika tumbo, chini chini huku, na halali vizuri.

Daktari akauliza moja kwa moja: haja ndogo je? Inatoka vizuri? Kuna damu?

Madam akamgeukia mzee. "Baba, na kwingine… kwingine kuko sawa sawa?"

Mzee akashangaa kidogo, kwani si ameshasema? Akadhani ndiyo namna ya madaktari kuuliza mara mbili. "Ni hivyo hivyo nilivyokwambia, mwanangu."

"Anasema ni ya kawaida tu, ya umri wake," Madam akatafsiri.

Daktari akavaa glavu, akaonyesha kitanda. Alitaka kumpima. Na hapo Madam akafanya lile ambalo hata kunisimulia alinisimulia kafumba macho. Mzee hakuwa amesema kitu. Hakuwa ameulizwa hata. Madam akamwambia daktari, kwa Kiingereza kitamu kabisa, kwamba mzee anaomba asivuliwe nguo leo, labda siku nyingine.

Daktari akasita, akauliza kama mzee ana hakika. Ana hakika, Madam akasema. Basi daktari akavua glavu, akaandika dawa za tumbo, akasisitiza warudi wasipoona nafuu.

Akiwa anamwinua mzee, Madam aliinua macho, akakutana na macho ya Mnong'ono. Binti alikuwa anajua Kiswahili, na alikuwa anajua Kiingereza. Chumba kizima wao wawili tu ndio walikuwa na masikio yote mawili. Midomo yake ilikuwa imefunguka nusu. Madam akamkazia jicho, lile jicho la darasani, na midomo ikafungika.

Nje, mzee alifurahi. "Afadhali nimeutua mzigo," akasema. "Nilidhani nitakufa kwa aibu, kumbe daktari wala hakushtuka!"

Madam akamshika mkono, wakavuka barabara.

Siku zilizofuata alijidanganya kwa bidii. Alimpa mzee dawa baada ya chakula, akamuuliza "umeamkaje, baba?" kwa uchangamfu, na mzee akajibu dawa huenda zinachukua muda. Alipanga kumpeleka tena mume akirudi. Alipanga kurudi mwenyewe kwa daktari na kusema kwamba kuna kitu kilisahaulika. Kilisahaulika! Hata katika mipango yake hakuna aliyekosa.

Simu ilimkuta darasani, mchana kweupe, amesimama mbele ya ubao. Ilikuwa ni jirani yao, mama mwenye duka la dawa za mimea na sabuni. "Mwalimu, njoo hospitali. Mzee tangu alfajiri hajapata haja ndogo hata tone. Tumbo limejaa kama ngoma, anatokwa jasho, ananikaba mkono kwa kucha."

Aliacha chaki, akaacha mkoba, akaacha wanafunzi midomo wazi. Alivuka ule ukuta akikimbia, kiatu kimoja kimelegea.

Alipofika idara ya dharura pazia lilikuwa limevutwa. Alisikia mzee akiguna, kisha sauti ndogo, ndogo sana, ikisema, "Vuta pumzi, babu. Toa taratibu. Hivyo hivyo. Tayari mpira umepita." Halafu akasikia mkojo ukimwagika kwenye mfuko, mwingi, na mzee akilia. Kilio kile hakikuwa cha maumivu tena. Kilikuwa cha mtu aliyefunguliwa kamba.

Pazia likafunguliwa. Mnong'ono alikuwa pale na nesi mkubwa wa zamu, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka. Mfuko ulioning'inia kitandani ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Daktari mgeni alikuwa ameitwa, akaja, akamtambua Madam mara moja. Safari hii hakumpa mkono. Aliuliza, kwa upole wa mtu aliyekasirika, kama mzee kweli hakuwa na dalili yoyote siku ile. Kisha, kabla ya kujibiwa, akatikisa kichwa. Alishazoea, akasema. Wazee wengi hufanya hivi, huficha. Akamwambia Mnong'ono amweleze mzee kwamba kumficha daktari ugonjwa ni hatari, kwamba figo zingeweza kufa, kwamba asirudie tena.

Madam alisimama miguuni pa kitanda. Angeweza kusema wakati ule. Aliniambia alikuwa ameshavuta pumzi ya kusemea, halafu pumzi ikakaa humo humo.

Binti akainama sikioni kwa mzee. "Babu, daktari anasema… anasema siku ile ulipokuja hukumwambia habari ya mkojo wala damu. Anasema ulikataa kupimwa. Usifiche tena, babu."

Nesi mkubwa naye akadakia, "Ndiyo, mzee wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mzee alikuwa amechoka, ndevu zimelowa. Akaonekana anatafuta jambo kichwani. Akamtazama binti. Akamtazama daktari. Kisha polepole akamtazama mkwe wake, na Madam akaona jinsi ule uso ulivyoelewa, kitu baada ya kitu, kama taa za nyumba zinavyowashwa chumba kwa chumba.

Mzee akarudisha kichwa kwenye mto. "Mwambieni daktari anisamehe," akasema. "Nilificha. Ni aibu za uzee tu. Mwanangu huyu hana kosa."

Mnong'ono akainua uso. Hakutafsiri. Alisubiri, akamtazama Madam, na safari hii hakutazama viatu.

Kuna wanaosema aibu ni moto. Madam aliniambia haikuwa moto, ilikuwa baridi, miguu mpaka magoti. Mzee aliyekuwa anajianikia nguo nyuma ya shuka amelala hapo mbele za watu na mpira mwilini, na bado anamtafutia yeye kitu cha kujifunika.

Akasema. Akasema kwa Kiingereza, akimwelekea daktari, na kile Kiingereza cha kunyoosha shingo kikavunjika vipande vipande. Alichanganya nyakati za vitenzi, alirudia neno moja mara kadha, akakwama. Lakini yalitoka: mzee alisema kila kitu. Mzee hakukataa kupimwa. Ni mimi. Niliona haya nikamtungia maneno. Kisha akageuka, akayasema yote tena kwa Kiswahili ili mzee na nesi na jirani pale mlangoni wasikie. Alipofika kwenye neno mkojo, alilisema.

Jirani akasema, "Yarabi!" na kuziba mdomo kwa kanga.

Daktari alirudisha kalamu mfukoni. Hakufoka, Madam alitamani afoke. Alisema tu, taratibu, kwamba kuanzia leo mzee atatafsiriwa na mtu mwingine. Akamgeukia Mnong'ono na kuendelea na kazi, wakaanza kumuuliza mzee maswali upya, moja baada ya jingine. Na Madam Matamshi akaombwa angoje nje ya pazia.

Mume alirudi na basi la kwanza alilopata. Alimsikiliza mke wake hadi mwisho, akiwa bado na vumbi la safari kwenye nyusi. Hakumpigia kelele. "Ungenipigia simu," akasema. "Ningemwambia daktari mwenyewe kwenye simu, hata kwa Kiingereza cha kubahatisha." Akaweka begi chini. "Kwani baba angekufa, ungeniambia ukweli?" Madam alinieleza ndilo swali lililokuwa likimwamsha usiku.

Chuoni habari zilimtangulia. Si Mnong'ono aliyezisema. Idara ya dharura ina kuta za pazia, na nesi mkubwa ana shoga kila wodi. Madam alipoingia darasani palikuwa na kimya cha heshima mbaya, kile cha kwenye msiba wa mtu asiyependwa. Alifundisha kipindi chake akitazama ubao. Mwanafunzi mmoja alikosea kutamka neno waziwazi, Madam akaacha lipite.

Siku ile ile akamwita Mnong'ono ofisini. Nikasimama nitoke, akaniambia, "Kaa. Nimeshachoka kuficha."

Binti akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Nataka kukuomba radhi," Madam akasema. "Nilikutoa kwenye kazi yako. Halafu nikakunyamazisha kwa macho. Ulinistahi mno, nami sikustahili."

Binti akazungusha pete ya plastiki kidoleni. "Haikuwa heshima, Madam."

"Ilikuwa nini?"

"Maksi." Alisema kwa sauti yake ile ile, lakini tulimsikia vizuri. "Mtihani wa pili wa kuongea ulikuwa bado. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayenisahihishia. Ndiyo nikafunga mdomo." Machozi yakamjaa. "Babu wa watu angepoteza figo kwa ajili ya maksi zangu. Nitakuwaje nesi, Madam?"

Nilitazama dirishani. Mwalimu mwenzangu alikuwa amejiandaa kumwomba radhi mtu aliyemstahi, akakuta alikuwa mtu aliyemwogopa. Miaka yote ile alidhani kile kimya cha darasani kwake ni utulivu.

"Utakuwa nesi," alimwambia mwishowe. "Mimi ndiye sijui niwe nani."

Alikwenda kwa mkuu wa idara, akaomba mitihani ya kuongea isisahihishwe na yeye peke yake, awepo na mtu wa hospitali. Mkuu alitaka sababu, akampa sababu yenyewe, bila kuipaka sukari. Halafu akaanza kwenda kliniki mchana, si kutafsiri, kukaa tu kwenye benchi na kusikiliza jinsi watu wanavyoyasema yao. Akagundua kwamba karibu hakuna anayesema neno lenyewe. Mmoja anasema tumbo la chini, mwingine anasema huko kwa wakubwa, mwingine mambo ya nyumbani yamelala. Alirudi na maneno hayo darasani, na wanafunzi wakaketi kuyatafutia Kiingereza chake. Kipindi cha kwanza walikufa kwa kicheko. Yeye masikio yalimwiva, akaendelea kuandika ubaoni, mgongo umewageukia.

Nisiseme alipona. Jina la Madam Matamshi lilimfia. Hakulikataza, ila mtu akimwita hivyo uso unaanguka. Akisifiwa Kiingereza chake na mgeni yeyote anabadilisha mazungumzo.

Mzee alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, ukafanikiwa. Nyumbani hakulitaja lile jambo hata mara moja, na huko kutotaja kulimuuma Madam kuliko maneno. Siku moja alijikaza akamfuata uani. "Baba, kwa nini ulinibebea?"

Mzee alikuwa anajaribu kutunga uzi. "Ulitaka niseme nini? Niseme mbele za watu mke wa mwanangu ni mwongo?" Akalamba uzi, akakosa tundu. "Na mimi nilisema na ukuta, mwanangu. Ningekutazama usoni nikakwambia, pengine ungesema. Nitungie hii."

Akamtungia.

Siku ya kwenda kuangaliwa baada ya upasuaji, mzee alikwenda na mwanawe. Madam aliwasindikiza hadi kliniki, akabaki kwenye benchi la nje na wagonjwa wengine, mikono mapajani. Mlango ulipofunguka, mzee alitoka mbele, amevaa suti aliyojishonea zamani, akamwona kwa mbali, na kabla mwanawe hajamshika mkono akapaza sauti korido nzima:

"Mwanangu! Daktari anasema mkojo unatoka kama wa kijana!"

Benchi zima likageuka. Mwanamke mmoja akaangusha funguo zake. Mume wa Madam akatazama dari. Madam alihisi damu yote imempanda usoni, akatamani ardhi imfungukie, na miguu ikataka kumpeleka lango la nje.

Akasimama. "Hongera, baba," akasema, kwa sauti ambayo hata wa benchi la mwisho waliisikia. Kisha akachukua mfuko wa dawa mkononi mwa mume wake, wakaondoka, mzee akiwa katikati.